Waya, Kapi na Ukuta wa Bibi

Mara ya kwanza lori langu lilipokwama, tulilivuta kwa mnyororo. Ilikuwa jirani na bandari, masika yamekolea, na lori lililokuja kutuvuta lilikurupuka kabla mnyororo haujakaza. Ukakatika kwa mlio kama wa bunduki. Kipande kikaruka, kikapasua kioo cha mbele upande wa utingo.

Utingo alikuwa ameshuka kukojoa. Ni mume wa dada yangu, mtu wa Mtwara, mpana wa mabega na mchache wa maneno. Alikitazama kiti chake kilichojaa vioo, akasema, "Shemeji, mkojo umeniokoa." Tulicheka. Lakini nilikuwa nawaza ningemwambia nini dada.

Kwa hiyo kioo kilipokwisha kubadilishwa tukaenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri. Shemeji alitaka mnyororo mnene zaidi. Mimi nilitaka winchi ya mkono, niliyowahi kuona mafundi wakiitumia: upande mmoja unaufunga kwenye kitu kisichohama, mwingine kwenye gari, kisha unasukuma mpini mbele na nyuma, na waya unaingia taratibu.

"Shikamoo mzee," nilimsalimu muuza vipuri.

"Marahaba. Karibu, binti yangu."

Nilipomweleza ninachotaka, akauliza, "Lori tupu au limebeba?"

"Huwa linakwama likiwa limebeba."

"Basi winchi usiipime kwa lori, ipime kwa mzigo. Na tope nalo uliongeze kwenye hesabu, maana linanyonya."

Alitupa kitambaa tukipitishe kwenye waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikinasa, kuna uzi uliokatika. Waya wa kwanza ulinasa, tukaurudisha. Wa pili kitambaa kikateleza kama kwenye shingo ya chupa. Tukachagua pia mkanda mpana wenye mishono mizima, pingu za chuma za kuunganishia, na kapi, gurudumu la kupitishia waya. "Waya ukizunguka hapa ukarudi," mzee alisema, "nguvu ya mtu mmoja inakuwa karibu ya wawili."

Kijiweni madereva wenzangu walituona tukipakia. "Dada, unaendesha lori au umenunua meli?" Niliwaacha wacheke.

Siku ya kuvitumia ilikuja asubuhi moja ya manyunyu, tukipeleka mchele Kariakoo. Kwenye mtaa mmoja mwembamba mafundi wa mabomba walikuwa wamechimba mtaro na kuufukia juujuu. Barabara ilionekana nzima. Magurudumu ya nyuma ya kushoto yalipokanyaga, ardhi ikaachia. Lori likazama mpaka difu, kile chuma kilicho katikati ya magurudumu ya nyuma, ikagusa chini, likainama kushoto, likaelekea ukuta wa nyumba ya zamani yenye baraza na dari la mbao. Kati ya bodi na ukuta palibaki nafasi ya kupitisha kiganja.

Ndani ya nyumba alikuwamo bibi mmoja. Nilibisha hodi nikamwomba atoke.

"Nimezaliwa humu," alinijibu dirishani. "Leo nitolewe na gunia la mchele?"

"Bibi yangu, nakuomba. Likiegemea, ukuta hautalibeba."

Alitutazama mimi na lile lori, kisha akajitanda kanga, akatoka na kiti chake cha plastiki.

Watu walikuwa wameshajaa, kila mmoja na ushauri wake. Mbele yetu lilisimama tipa la kokoto, na dereva wake alishateremka na mnyororo begani. "Dada, nikukurupue mara moja tu. Dakika hii umetoka."

"Ukinikurupua, bodi itakwenda na ukuta."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka usimame hapo hapo. Zima gari, vuta breki, weka mawe kwenye magurudumu. Wewe ndiwe nguzo yangu."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa aolewe. Kisha akatabasamu. "Haya. Kusimama naweza."

Shemeji alichimba mbele ya magurudumu, akaulaza udongo uwe kama mteremko, akaingiza mbao. Mimi nilifunga winchi kwenye tipa, nikapitisha waya kwenye kapi lililofungwa kwenye chasisi ya lori letu, si kwenye bampa, nikaurudisha mpaka kwenye tipa. Juu ya waya nikatandika magunia yaliyolowa. Ukikatika, uanguke badala ya kuruka.

Shida ilikuwa watu. Hakuna aliyetaka kukosa kuona. Hapo ndipo bibi alipopeleka kiti chake nyuma ya lori, mbali na waya, akapaza sauti: "Nyie wanaume, mkifa hapa nani atawazika? Sogeeni!" Wakasogea. Akanigeukia. "Mjukuu wangu, ule ukuta nauona vizuri nikiwa huku. Panda garini. Nitakwambia."

Nikapanda, nikaweka gia huru, nikashika usukani. Shemeji na dereva wa tipa wakashika mpini kwa zamu. Tik, tik, tik. Waya ukakaza, ukaanza kuimba kwa sauti nyembamba. Lori halikutikisika. Nikasikia jasho likinitiririka mgongoni.

"Bado!" bibi alipiga kelele. "Bado!"

Halafu chini yangu likaja kama pumzi, tope likiachia. Bodi ikayumba kidogo kuelekea ukutani.

"Simama!"

Shemeji akaacha mpini. Winchi ikashika pale pale, lori halikurudi hata kidogo. Nikakata usukani kulia.

"Njoo sasa! Njoo, mjukuu wangu, njoo!"

Shemeji akaushika tena mpini, na magurudumu yakapata mbao. Nikahisi nyuma ikipanda, polepole, kama mzee anayeinuka kwenye mkeka, na ukuta ukaanza kubaki nyuma yangu, shubiri moja, mbili, mpaka nikaona mwanga kwenye kioo cha kushoto. Nikavuta breki nikiwa kwenye barabara ngumu.

Bibi ndiye aliyeanza vigelegele. Mtaa mzima ukapokea. Wapagazi waliokuwa kwenye umati walipiga bodi kwa viganja kama ngoma, na shemeji, mtu mchache wa maneno, alinikumbatia na matope yake yote, akisema, "Tumelitoa! Shemeji, tumelitoa!" Dereva wa tipa alikuwa ameinama akigeuza kapi mikononi. "Hili mlilipata wapi?" aliuliza, na nilipomtajia Gerezani, akauliza tena duka lipi.

Bibi alikagua ukuta wake kwa kiganja, kutoka pembe hadi pembe. Haukuwa na mkwaruzo. Alituita barazani tunywe chai ya tangawizi kabla ya kwenda kushusha mchele, na tulikunywa tukiwa wima, tumelowa, tukizungumza wote kwa pamoja.