Pengwini Mbele ya Duka la Viyoyozi

Kazi yenyewe ilihitaji mtu wa urefu wa wastani, asiye na pumu na asiye na aibu. Sifa mbili za kwanza alikuwa nazo. Ya tatu alidhani atajifunza kazini.

Mtaani walimwita Bata, maana wapita njia wengi hawakuwahi kukutana na pengwini, ila bata walimjua. Alivaa vazi la manyoya meusi ya bandia lenye tumbo jeupe la sponji, akavikwa kichwa kikubwa cha plastiki chenye mdomo wa njano, kisha akasimama nje ya duka la viyoyozi akipunga mabawa ili watu wakumbuke baridi. Tajiri wa duka alisema hayo ndiyo matangazo ya kisasa. Yeye aliyatazama kutoka ndani, nyuma ya kioo, akiwa na sweta.

Nje, jua lilikuwa limeacha ustaarabu. Zamani lilichoma mchana, jioni likaomba radhi. Miaka hii kuta zilikuwa bado za moto watu wakienda kulala, na asubuhi jua liliwakuta hawajapoa. Miti miwili iliyokuwa mbele ya duka ilikatwa kwa kuwa iliziba bango, na bango lenyewe lilikuwa na picha ya mti. Chini pakamwagwa zege. Kivuli pekee kilichobaki kilikuwa chini ya ukingo wa paa, na hapohapo ndipo viyoyozi vya maonyesho vilipotemea joto lote vililolitoa dukani. Bata alichagua mwenyewe: aungue kwa jua au aungue kwa bidhaa.

Vazi lile lilifungwa kwa zipu mgongoni, kuanzia kisogoni hadi kiunoni, na mabawa hayakuwa na vidole. Aliyemvika ni mlinzi wa mlangoni, na ndiye aliyemvua. Walikuwa na mapatano: Bata akizidiwa, anainua mabawa yote mawili juu ya kichwa na kukanyagakanyaga. Mlinzi akiona hivyo, anamshika bega, anampeleka stoo, anamfungulia.

Mapatano hayo yalienda vizuri mpaka dada wa mauzo alipomrekodi Bata akizidiwa, akaweka muziki, akarusha mtandaoni. Watu wakaipenda video hiyo mno. Wakaanza kuja dukani kucheza na Bata, mabawa juu, miguu chini. Tajiri akaona neema, akaagiza kila mfanyakazi aitikie kwa kucheza Bata anapoanza, mlinzi akiwemo. Jioni Bata na mlinzi walikubaliana kutafuta ishara nyingine. Jioni iliyofuata walikubaliana tena.

Ukweni hawakujua lolote. Bata alijitambulisha huko kuwa yuko kwenye kampuni ya mambo ya baridi, sauti akiishusha kidogo kama watu wa ofisini. Mke wake aliujua ukweli akaumeza. "Mama akisikia nimeolewa na ndege," alisema, "hatutakula kwa amani kwenye nyumba hii."

Siku ya mambo yenyewe, lami ilikuwa inanata kwenye viatu vya wapita njia. Mchana ulipokuwa katikati, Bata aligundua kwamba jasho limekauka. Alifurahi. Alidhani mwili umezoea. Baada ya muda akahisi baridi ikimpanda mgongoni, akatetemeka ndani ya manyoya, na nusura acheke, maana tangazo lilikuwa limemfanyia kazi yeye wa kwanza. Kisha barabara ikaanza kuyumba na meno yake yakagongana, na hapo hakucheka.

Aliinua mabawa. Akakanyaga.

"Ameanza," dada wa mauzo alisema, akichomoa simu.

Vijana wawili waliokuwa wakivuka barabara waligeuka wakaja mbio, mabawa juu. Mama mmoja mwenye mfuko wa sokoni akauweka chini ili acheze kwa uhuru. Bata alimtafuta mlinzi kupitia tundu la mdomo, akamwona mlangoni, kofia upande, akicheza kwa moyo wote wa mtu anayelinda ajira yake.

Bata akakanyaga kwa nguvu zaidi.

"Leo ana mzuka," kijana mmoja alisema.

"Analipwa huyo," mwenzake akajibu. "Ungelipwa wewe ungeruka mpaka paa."

Ilibaki sauti. Alisogea kwenye tundu la mdomo ili apige kelele, na kupitia tundu hilohilo akamwona mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilikuwa kimegeuka tanuri, basi alikuja kutafuta feni. Alivuka barabara polepole, mkoba begani, akajifuta uso kwa upande wa khanga, akasimama pembeni ya umati akingoja wapishe mlango. Sauti ilimrudi Bata kooni. Akiongea tu, mama ataijua, maana sauti hiyo ndiyo iliyomposa binti yake kwa maneno ya heshima sebuleni kwake. Akasema moyoni: aingie kwanza, anunue, aondoke, kisha nitapiga kelele. Magoti hayakushauriwa. Yalianza kulegea yenyewe.

"Mama, piga picha na Bata," dada wa mauzo alimwambia. "Ni bure."

"Mwanangu, mimi na bata tunakutana kwenye sufuria."

Watu wakacheka, wakamsogeza. Akasimama bega kwa bega na pengwini, uso umekunjamana, akitazama simu. Pembeni ya tundu giza lilikuwa linakusanyika. Bata aliona viatu vyake vya manjano vikiwa mbali sana, kama vya mtu mwingine, na akaelewa kwamba hatadumu mpaka mama anunue feni.

Lakini mama mkwe huwezi kumwomba jambo hujamwamkia.

"Shikamoo, mama," pengwini alisema.

"Marahaba," mama aliitika kabla hajafikiri. Akageuza shingo taratibu, akalitazama lile jicho la plastiki.

"Samahani, mama. Naomba unifungulie zipu."

Mabega yake yalianguka juu ya mama wa watu, wakashuka wote wawili hadi kwenye zege. Umati ukashangilia, maana hiyo ilikuwa sehemu mpya ya ngoma.

Mama alipapasa mgongoni, akaipata zipu, akaivuta. Ikaja kidogo, ikameza manyoya, ikakwama. Akairudisha, akaivuta tena. Alikuwa amefungua zipu maisha yake yote na alijua hii haitafunguka. Akaingiza mkono mkobani akatoa mkasi wa kazi.

"Mama, hapana," tajiri alisema. Alikuwa ametoka na sweta lake, na joto lilikuwa limempiga kofi mlangoni. "Hilo vazi limeagizwa nje. Halipatikani."

"Na huyu anapatikana?"

Mkasi ulikuwa umeshaingia. Sponji ilitoa sauti ya kitambaa kizito, manyoya yakapasuka kutoka kiunoni hadi kisogoni, na mvuke ukatoka kama wa chungu kilichofunuliwa. Muziki wa simu ulizimwa na mtu. Kilipong'olewa kichwa cha plastiki, chini yake palikuwa na uso mkavu, mwekundu wa macho, unaosema maneno yasiyo na mpangilio.

"Wewe wa kofia," mama alimwambia mlinzi, "shusha mikono ulete maji. Mengi. Na ninyi, msaidieni kumwingiza kwenye hiyo baridi mnayoiuza."

Walimlaza kati ya maboksi ya viyoyozi. Mama alimlowesha kichwa, shingo na makwapa kwa ndoo, akampepea kwa boksi la feni, na tajiri aliposema sakafu inaharibika, hakumtazama. Aliagiza ndoo nyingine. Dada wa mauzo alikuwa ameshaita gari la hospitali, akilia.

Ilichukua muda Bata kujua yuko wapi. Alipomjua aliyempepea, alijaribu kuufunika uso kwa bawa.

"Toa hiyo," mama alisema. "Ulikuwa umeniona tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipokuwa unavuka, mama."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuona wewe, ndiyo maana."

Mama aliacha kupepea. Akaliweka boksi chini.

"Sasa mimi ningeenda kumwambia nini mwanangu? Mumeo amekufa kwa adabu?" Akaliokota tena boksi. "Funga mdomo, usinijibu. Pumua."

Akapumua.