Uzito wa Upande wa Kushoto

Ukimwekea farasi kiganja mgongoni, pale tandiko linapokaa, usianze kukanda. Subiri. Acha apumue mara tano, na wewe upumue naye. Kiganja kitakuambia palipo na joto, palipo na ubaridi, na mahali ngozi inapotetemeka kana kwamba inamfukuza nzi ambaye hayupo. Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila mwenye farasi anayeniita, na wengi hucheka, kwa sababu wamenilipia nauli kutoka Nakuru wakidhani nitafika na mashine.

Nilianza kwa kukanda watu, katika hoteli moja kule Naivasha. Siku moja mgeni aliyefuga farasi upande wa Gilgil aliniuliza kama mikono yangu inaogopa wanyama. Haikuwa inaogopa. Haikuogopa kwa miaka mingi, hadi Jumatano moja nilipopanda bodaboda kutoka Rongai hadi shamba moja la zamani lililo juu mlimani, nikamgusa farasi jike wa rangi ya kahawia ambaye, kwa maelezo ya mwenyewe, hakuwa amepandwa na mtu kwa miezi saba.

Mwenyewe alikuwa mjane, mama mtulivu mwenye sweta nzito. Mumewe ndiye aliyekuwa akimpanda farasi huyo. Alilazwa hospitali mjini, na hakurudi.

"Jumamosi daktari wa mifugo anakuja kumdunga ile sindano ya mwisho," aliniambia. "Anauma, anapiga teke, amemvunja mfanyakazi mkono. Sikukuita umponye, mwanangu. Nataka tu aende bila maumivu."

Aliyemshika farasi kamba alikuwa saisi wa shamba, mtu wa makamo aliyemtunza mnyama huyo tangu akiwa mtoto.

"Kumbe wewe ndiye wa kukanda?" alinitania. "Anza na mgongo wangu, madam. Mimi hata sipigi teke."

"Wewe utapanga foleni, boss," nilimjibu.

Nilisimama ubavuni, si nyuma wala mbele, nikaanza shingoni kwa viganja vilivyolegea. Mwanzo hutazami mikono yako, unatazama masikio. Yakilala nyuma, punguza nguvu. Jicho likilainika, endelea. Upande wa kulia ulikuwa mwororo kama unga wa chapati uliolala. Nilipozunguka kushoto, nyuma ya bega, nilikuta msuli umekaza kama kamba ya kufungia ng'ombe, na chini yake palikuwa na joto la upana wa viganja viwili.

Niliondoa mkono. Joto lile nalijua. Ni la farasi ambaye mpandaji ameshuka mgongoni mwake asubuhi hiyohiyo.

"Mama," nilisema, "kuna mtu mzito anampanda huyu farasi. Anaegemea kushoto."

Saisi aliangalia kwato. Mama alishika mlango wa banda.

"Mume wangu aliwahi kuvunjika nyonga ya kulia," alisema polepole. "Maisha yake yote alikalia upande wa kushoto."

Ukungu ulishuka mapema, na hakuna bodaboda aliyekubali kupanda barabara ile. Nikalala chumba cha wageni. Kulipoanza kupambazuka niliamshwa na mlio wa kwato: zilikwenda polepole, na moja ilikanyaga kwa kishindo kuliko nyingine. Nilifungua pazia. Kando ya miti ya saiprasi, chini kabisa kwenye shamba la nyasi, farasi alikuwa akitembea. Aliyekaa juu yake alivaa koti refu la mvua na kofia, ameegemea kushoto. Mbele yao sikuona mtu, ukungu tu.

Nilitoka hadi sebuleni nikiwa pekupeku. Mama alikuwa dirishani na kikombe cha chai, amevaa kabisa kama mtu anayesubiri mgeni.

"Na wewe umemwona," alisema. Halikuwa swali. "Nilidhani ni mimi tu. Wafanyakazi hawataki kwenda kule chini, lakini hawaniambii kwa nini. Anakuja kila alfajiri. Anamtaka farasi wake." Akanywa chai kidogo. "Ndiyo maana nimemwita daktari. Nitampelekea."

Nilitamani kurudi kitandani nijifunike kichwa. Lakini mikono yangu ilikuwa bado inakumbuka lile joto. Mambo ya wafu siyajui. Misuli ninaijua, na msuli haukazi hivyo bila kubeba kilo. Nikavaa viatu, nikashuka.

Katika nyasi zenye umande alama za kwato zilikuwa wazi. Za kushoto zilididimia zaidi. Nilizifuata hadi nikasikia farasi akipumua kwa shida mbele yangu, kisha bega lake likatokeza, kisha buti. Niliinua macho taratibu. Chini ya kofia hapakuwa na uso. Palikuwa na kitambaa cha gunia, kimelowa, kimefungwa kwa kamba.

"Madam, usipige kelele," ilisema sauti upande wa pili wa shingo ya farasi. "Utamshtua."

Alikuwa saisi. Kamba alikuwa ameizungusha mkononi, na machozi yalikuwa karibu.

"Hii ni nini, boss?"

"Ni mchanga. Mzee aliponiita pale wodini aliniambia, 'Nikirudi nataka nimpande siku hiyohiyo, usiache asahau uzito wangu.' Nikajaza gunia hadi likafika uzito wake. Farasi akaliogopa, nikalivalisha koti lake, akatulia. Nikaliegemeza kushoto, maana mzee alikaa hivyo."

"Lakini mzee alizikwa. Hakuna aliyekuambia uache?"

"Nani aniambie? Aliyeniagiza hayupo. Neno la mtu anayekufa utalifuta na nini?"

Nilichomwambia ni kile ninachowaambia wote. Mpandaji aliye hai hujisogeza, hujiinua, humpunguzia farasi. Gunia halijisogezi. Linakandamiza pale pale, siku baada ya siku, na mnyama asiye na mdomo wa kusema atasema kwa meno na kwato. Farasi anayeuma mtu anapofungwa mshipi wa tandiko tumboni huenda hana tabia mbaya. Huenda anaumwa.

Tulilibeba gunia pamoja hadi sebuleni. Nilidhani mama atamfokea. Aligusa mkono wa koti, ukalala mtupu kwenye vidole vyake.

"Basi si yeye," alisema, akaketi. Niliona ni kama tumemletea maiti mara ya pili.

Siku ile na Ijumaa nilifanya kazi. Palipo na joto hapakandwi. Niliweka vitambaa vya maji baridi, nikakanda pembeni tu: shingo, bega, makalio, kila mara kwenye nyama, kamwe si kwenye mfupa wa uti wa mgongo. Tandiko lililokuwa limepinda kwa uzito wa gunia tuliliweka kando, kwani ukikanda na kisababishi ukakiacha, unajisumbua. Na nilimwambia mama ukweli: kukanda si tiba ya kila kitu, na mwenye kusema kama kuna kilichovunjika ni daktari.

Jumamosi asubuhi joto lilikuwa limepoa. Mama aliingia ndani ya banda kwa mara ya kwanza, nikamwekea kiganja chake juu ya ile kamba ya msuli.

"Ni hapa alipokaa?"

"Ni hapa, mama."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Usiuondoe uzito wake wote. Niachie kidogo."

Nilitaka kumkubalia. "Kwako ni kumbukumbu," nilisema. "Kwake ni maumivu tu. Bonyeza mwenyewe, pole pole, kama unamtuliza mtoto."

Gari la daktari lilikuwa linapanda. Mama hakugeuka. Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza. Farasi alishusha kichwa, akalamba midomo, akapiga mwayo mrefu, na nikaona msuli ukiachia chini ya vidole vya yule mama.

"Ameshuka," alisema.

"Nani?" aliuliza daktari, akiwa mlangoni na mkoba wake.

Alitutazama mmoja mmoja, akatazama jicho la farasi, kisha akauweka mkoba chini bila kuufungua, akamwomba saisi ashike kamba ili auchunguze mgongo.