Treni Zote Isipokuwa ya Nantes

Miezi minane nililala vibaya kwa sababu ya swali moja: nikishuka kwenye treni Nantes na dada yangu mkubwa Solange amesimama pale, tutajuana? Tuliachana kwenye kambi ya wakimbizi nikiwa na miaka kumi na miwili, yeye akapelekwa Ufaransa, sisi wengine wa familia tukashuka mpaka Durban, na sasa nina miaka ishirini na mitano na digrii ya usafirishaji, naye namjua kwa sauti ya simu tu. Badala ya kumwuliza kama anataka nije, nikapanga ratiba. (Wengine wakiogopa wanakula, mimi nachora majedwali.) Nawasimulia hili nikiwa bado naona haya kupita mbele ya kanisa letu hapa Greyville, kwa hiyo mkicheka, chekeni taratibu.

Ratiba ya kwanza ilikuwa fupi, ndege mpaka Paris, treni mpaka Nantes, wiki mbili, basi. Halafu nikaona ni uzembe kwenda mbali hivyo na kuona mji mmoja, nikaongeza Bruseli. Kazini, mtaa wa Clairwood, siku nzima napangia malori njia, kwa hiyo saa ya chakula nilijipangia na mimi: treni hii inafika saa nane na dakika kumi, ile inaondoka nane na nusu, je, dakika ishirini zinamtosha mtu anayeogopa ngazi za umeme? Viza sikuwa nimeomba. Fomu yenyewe sikuwa nimeifungua.

Kosa langu lilikuwa dogo. Jumapili moja baada ya ibada nilimwuliza Mama Furaha, kiongozi wa akina mama, binti yake anaishi mji gani kule Ubelgiji, maana nilitaka kujua kama treni inasimama hapo.

"Liège," akasema. "Unaenda lini?"

Ningeweza kusema siendi. Nikasema, "Bado napanga, mama."

Sasa, kwetu anayesafiri habebi nguo zake tu, anabeba kanisa zima. Jumanne Mama Furaha alileta ndagala, dagaa wa kwetu, wa kukauka. Kufikia Ijumaa chumbani kwangu kulikuwa na vifurushi tisa, vitenge, unga wa muhogo, dawa ya tumbo, kila kimoja kimeandikwa jina na mji, Cologne, Zurich, Milano, na kila aliyeleta alikaa kitandani kwangu akanionyesha picha ya mtu wake kwenye simu, na kabla ya kuondoka alikipapasa kile kifurushi kama vile anamfunika mtoto. Ningewakatalia vipi hamu ambayo mimi mwenyewe ilikuwa inaninyima usingizi? Kila kifurushi nikakiongezea kituo, na ili siku zitoshe, nikapunguza hapa na pale.

Jumapili iliyofuata mchungaji akaniita mbele niombewe, akataka na ile karatasi ya ratiba ili kanisa liombee mji kwa mji. (Nilikuwa nayo ndani ya Biblia, imechapwa kwa rangi.) Akaweka mkono kichwani kwangu, akasoma Paris, amina, Bruseli, amina, Liège, Cologne, Zurich, Milano, amina, amina.

"Hii si safari, ni kampeni," akasema Papa Deo kwenye kinanda, watu wakacheka.

Mama Furaha hakucheka. "Na Solange? Nantes iko siku gani?"

Mchungaji akageuza karatasi nyuma na mbele. "Nantes haiko."

"Niliitoa Alhamisi, ili Milano iingie," nikasema. "Nitairudisha."

"Ndege ni tarehe ngapi?"

"Sina tarehe."

"Viza je?"

"Bado."

"Eish," akasema Papa Deo, na kwa bahati mbaya maikrofoni yake ilikuwa imewashwa.

Mama Furaha akanisogelea. "Mwanangu, wewe unamwogopa dada yako?"

Nikalia pale pale, mbele ya watu wote, na maskini mchungaji, mkono wake ukiwa bado kichwani kwangu, asijue aendelee kuomba au aache, akasema amina.

Jumatatu jioni nilizunguka nyumba kwa nyumba nikirudisha vifurushi. Mama Furaha alipokea ndagala wake bila lawama. "Viza kwanza," akasema. Tangu siku hiyo nimeapa, simwulizi mtu yeyote jina la kituo kabla sijamwuliza mwenye nyumba kama nikaribie.

Jioni hiyohiyo nikaketi kwenye ngazi za jengo la Mama Furaha, nikampigia Solange, Yaya wangu, maana kwetu dada mkubwa huitwa hivyo.

"Yaya, nataka kuja Nantes. Kwako tu. Niandikie barua ya mwaliko."

"Nina kitanda kimoja tu," akasema.

"Tutabanana."

"Unapiga mateke usingizini bado?"

"Sijui. Hakuna wa kuniambia."

Barua ilikuja Jumatano kwenye simu. Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikaichapa na kuipeleka ofisi ya viza pamoja na fomu yangu, na pale wanapouliza miji utakayotembelea nilikuwa nimeandika mmoja.