Dagaa Aliyesema Panapouma

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo. Nilikuwa nimevaa gauni jeupe lililopigwa pasi na mama yangu nyumbani Butiama, cheti changu cha tiba ya viungo kimo mkobani, nikitarajia kuonyeshwa chumba na kitanda cha wagonjwa. Mganga Mfawidhi wa kituo chetu pale Bunda, mwanaume mfupi asiyependa salamu ndefu, akaniangalia juu mpaka chini.

"Binti, chumba hakijaisha kujengwa," akasema. "Anza na ndoo. Maji moto kwa misuli iliyokaza, maji baridi kwa uvimbe. Ukichanganya hivyo viwili, mgonjwa atakukumbuka mpaka kaburini."

Nikaanza na ndoo. Nyinyi vijana mnaosomea kazi hii leo mna mashine za umeme zinazotetemesha msuli wenyewe, na siwaonei wivu, ila kazi ni ile ile. Mtu ana mguu, mguu umegoma, wewe unaubembeleza urudi kazini. Wagonjwa wetu walikuwa wakulima wa pamba waliokunjika migongo, makuli wa stendi, na madereva wa mabasi ya Mwanza waliokuwa wakishuka kwenye usukani wakitembea kama mabibi. Nikawachua, nikawakanda, nikawanyoosha.

Ugumu haukuwa kwenye misuli yao, ulikuwa kwenye midomo. Siku moja alikuja mzee mfugaji aliyetembea kutoka mbali, kifundo cha mguu kimevimba kama papai. Nikamuuliza panauma vipi. "Panasumbua kidogo tu," akajibu, akitazama ukuta. Mfupa ulikuwa umevunjika. Mganga Mfawidhi akaniita pembeni. "Wewe si mtu wa hapa hapa? Mtu wa kwenu akisema panasumbua kidogo, ita machela."

Nilicheka, lakini alisema kweli. Kwetu kijana anapita jandoni bila kupepesa jicho, na watu wanasimama pale kumwangalia hilo jicho. Sisi mabinti nasi tulifundishwa kwamba mwanamke anayepiga kelele akijifungua anawatia aibu mama zake. Mimi nina watoto watatu, na majirani walijua nimejifungua waliposikia sauti ya mtoto. Niliona fahari. Kwa hiyo nilipokuwa nikiwagombeza wagonjwa wanaoficha maumivu, nilikuwa nagombeza ukoo wangu mzima.

Baada ya Bunda nilihamishiwa Butiama. Kufanya kazi nyumbani ni mtihani, maana kila mgonjwa ni shangazi yako na kila shangazi anataka aanze yeye. Ila huko ndiko nilikopata kipimo changu. Niliwatazama bibi zetu wakichuchumaa jikoni, wakipepeta, kisha wakiinuka na ungo mkononi bila kushika chochote. Anayeweza hivyo magoti yake ni mazima, na anayetafuta ukuta wa kujishikia ana jambo. Tangu hapo kila aliyekuja kwangu nilimwambia, "Chuchumaa. Haya, inuka, mikono juu." Wengine walidhani ni polisi.

Nilipofika Musoma ndipo mpira uliponipata. Timu ya mji ilikuwa imepanda kuingia ligi ya kulipwa, ile ambayo mchezaji anasaini mkataba na kula kwa miguu yake, na sheria za ligi zilitaka kila timu iwe na mtaalamu wa viungo. Meneja wa timu akaja hospitali kuomba mtu. Wanaume wote wa idara yetu walikuwa na udhuru. Mganga Mkuu akanionyesha kidole. "Mpelekeni huyu. Hana mzaha."

Hapakuwa na mashine ya barafu. Barafu tuliipata kiwandani kwa wasindika samaki, mabonge yaliyotoka kulala na minofu ya sangara. Nilikuwa nayaponda kwa nyundo ya mbao, nayafunga kwenye kitambaa, nabandika pajani. Timu nzima ilinuka samaki. Dereva wa basi letu alifungua madirisha yote hata mvua inyeshe. Wachezaji wakaniita Mama Barafu, na jina likakaa mpaka kanisani.

Sasa niwaambie habari ya Majura.

Majura alikuja kutoka Rukuba, kisiwani, na mama yake anaishi Kiriba. Alikuwa amekua kimo chake chote na hakunifikia mabegani, na mimi si mrefu. Wenzake walimwita Dagaa kabla hajavua viatu. Nafasi yake ilikuwa namba kumi, yaani mchezeshaji, yule anayesimama katikati na kugawa mipira. Timu inacheza kwa kichwa chake, na kwa sababu hiyo kila beki wa upande wa pili ametumwa kumvunja. Akili ya kugawa alikuwa nayo, hilo hakulibisha mtu. Swali lilikuwa mwili. Kocha Mkuu, aliyekuwa beki enzi zake na bado alikuwa na shingo ya beki, aliniuliza mbele ya kila mtu.

"Mama Barafu, huyu atahimili? Mimi namba kumi wangu anapigwaga mpaka dakika ya mwisho. Ligi ya kulipwa ina watu kama milango. Nisije nikamsainisha nikawa nimesainisha bandeji."

Nikamchuchumaza Majura. Akashuka, akainuka, mikono juu, mwepesi. Magoti safi. "Leo ni mzima," nikamwambia Kocha. "Ya kesho aulizwe Mungu."

Aliyekuwa akigombea nafasi ile ile alikuwa Marwa. Marwa alikuwa mrefu, kifua kipana, mpole kama ng'ombe aliyeshiba, na nilimpenda. Akigongwa alikuwa anaanguka yule aliyemgonga. Kila nilipomuuliza, "Mwanangu, uko salama?" jibu lilikuwa moja, "Niko poa, Mama." Kocha Mkuu alimpenda kwa jibu hilo kuliko kwa mpira wake.

Mkataba uliobaki ulikuwa mmoja. Kwa Majura ulimaanisha mpira au kurudi kwenye nyavu, kwa sababu kule kisiwani walishamwambia nafasi yake mtumbwini haitangoja milele. Mechi ya kuamua ilikuwa ya kirafiki, pale Bunda, kwenye uwanja mgumu kama sakafu. Kocha aliwapanga wote wawili.

Kabla ya mapumziko, Majura akasimama katikati ya uwanja, hajaguswa na mtu, akainua mkono kuomba atoke.

Bunda nzima ikazomea. "Dagaa amekauka!" Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza karanga akamrushia ganda. Majura akaja kwangu akichechemea, akakaa kwenye ndoo.

"Shikamoo, Mama. Kuna kitu kimevuta hapa nyuma ya paja. Kama kamba inayotaka kukatika."

"Imekatika?"

"Bado. Ndo maana nimetoka."

Nikabonyeza. Msuli wa nyuma ya paja una nyuzi nyuzi, kama nyama ya ng'ombe mzee. Zikivutwa kidogo, barafu na mapumziko zinatosha. Ukizikimbiza zikiwa zimevutwa, zinachanika, na zikichanika msimu umekwisha. Za kwake zilikuwa zimevutwa tu. Nikamuuliza hakuona aibu, watu wote wale?

"Niliona," akasema. "Lakini Mama, sisi kule tunavuaga wanne kwenye mtumbwi. Ukisikia maji yanaingia miguuni unasemaga hapo hapo. Ukinyamaza eti wewe mwanaume, mnazamaga wote. Mi sijazoea kunyamaza."

Nilibaki na kitambaa cha barafu mkononi. Miaka yote ile nilikuwa nawapigia watu kelele waseme, na huyu alikuwa mgonjwa wangu wa kwanza aliyesema kabla sijauliza. Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Kocha Mkuu hakusikia raha yoyote. Jioni ile, kwenye basi, alisema mkataba ni wa Marwa. "Mtoto amevutwa na upepo, Mama. Marwa amepigwa dakika zote na hajasema kitu."

"Ndiyo maana naogopa," nikamjibu. "Marwa, mwanangu, njoo hapa. Chuchumaa."

Marwa akacheka, akasema amechoka. Nikarudia, kwa sauti ya mama yake. Akashuka nusu, jasho likamtoka, mkono ukatafuta kiti. Nikampandisha suruali. Goti lilikuwa limejaa maji. Ukibonyeza upande huu, uvimbe unahamia upande wa pili. Halikuwa la siku moja lile, wala la wiki moja. Alikuwa akilifunga kitambaa chini ya soksi, na akituambia yuko poa. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Marwa akaangalia nje dirishani hadi tunaingia Musoma.

Alipelekwa Mwanza kupasuliwa. Hakucheza tena ligi ya kulipwa. Leo ana duka la pembejeo pale Bunda, ana afya, anachechemea, na bado ukimuuliza anakwambia yuko poa. Hilo linaniuma hadi leo, nalisema wazi.

Majura akasaini, kwa kuwa hakubaki mwingine, na Kocha Mkuu akasaini kama mtu anayemeza kwinini. "Akivunjika, Mama Barafu, lawama ni yako," akaniambia. Nikasema sawa. Lakini kila mechi nilikaa pale benchi nikimwomba Mungu kimya kimya, mikono imekufa ganzi juu ya ndoo.

Siku niliyoiogopa ilikuja katika mechi ya nyumbani, Musoma, upepo wa ziwa ukivuma. Beki wa wageni, mmoja wa ile milango aliyoitaja Kocha, alimfuata tangu mwanzo, na mara ya mwisho alimwingia na miguu yote miwili. Majura akarushwa, akaanguka chali, akatulia. Nilikimbia na ndoo yangu, barafu ikimwagika njiani, nikijisemea: umemuua mtoto wa watu kwa ubishi wako.

Nikapiga magoti. Macho yake yalikuwa wazi.

"Wapi panauma?"

Akajisikiliza, kuanzia vidole vya miguu. Akakunja goti moja, kisha la pili.

"Mgongo umegonga chini, pumzi ilikata. Sasa imerudi. Goti hapana, kifundo hapana. Sina kitu, Mama."

Nyuma yangu Kocha Mkuu alikuwa akipiga kelele, "Mtoe! Mtoe kabla hajafa!" Mwamuzi akanitazama. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho chuo hakikunifundisha. Marwa angeniambia maneno hayo hayo, hana kitu, na yasingenisaidia. Majura alikuwa ameshanionyesha kwamba pakiuma anasema, hata akizomewa na wilaya nzima. Kwa hiyo aliposema hapaumi, nikamwamini.

Nikainua dole gumba. Anaendelea.

Akainuka bila kushika chini. Sitawadanganya kwamba alifunga bao, hakufunga. Alicheza, alitoa pasi zake, alipigwa tena na akainuka tena, na filimbi ya mwisho ilipolia alikuwa bado amesimama. Mimi nilikaa kwenye ndoo nikalia mbele za watu kwa faraja, barafu imeloanisha gauni lote. Kocha Mkuu akaja akasimama kando yangu. "Haya," akasema. "Amehimili." Hilo ndilo neno tamu zaidi nililowahi kusikia kwa beki.

Akahimili msimu ule na mingi iliyofuata, akahamia timu kubwa za mbali, akajenga nyumba ya mama yake Kiriba. Wakubwa kwa vimo walikuja wakavunjika, wakaondoka. Yeye akitoka uwanjani alikuwa ananipigia simu. "Mama, nyonga ya kulia inalalamika." Nami namwelekeza. Aliumia mara nyingi, tena sana. Ila hakuna jeraha lake lililopata nafasi ya kukua.

Tulistaafu karibu pamoja, yeye kwa umri wa mpira, mimi kwa umri wa serikali. Wananiuliza kazi ilinifunza nini, na mimi si mtu wa mafundisho. Najua tu kwamba nilichua maelfu ya miguu, na nilioshindwa kuwasaidia wengi wao walichelewa kufungua mdomo. Vijana mnaoshika kazi hii, mfundisheni mtu kusema kabla hamjamfundisha kunyoosha mguu.

Majuzi nilikwenda Kiriba kumsalimia. Nilimkuta ufukweni akipanga sato kwenye sanduku la barafu, kwani sasa ana mitumbwi yake mwenyewe. Kabla ya chai nikamwambia, "Chuchumaa." Akacheka, akashuka mpaka chini, akainuka mikono juu, mwepesi vile vile, nywele zina mvi.

"Panauma mahali?"

"Hapana, Mama."

Nikamwamini, na moyo ukatulia kabisa. Nikageuka nitafute pa kukaa, nikashika ukingo wa mtumbwi kujishusha. Naye akaniona. Akaja akachuchumaa mbele yangu, kama nilivyokuwa nikifanya kwake.

"Na wewe, Mama? Wapi panauma?"

Nikafungua mdomo kusema panasumbua kidogo tu. Nikawakumbuka mama zangu wote wa Butiama, na yule mzee wa papai, na Marwa akitazama dirishani.

"Goti la kushoto," nikasema. "Tangu Pasaka. Usiku silali."

Akaenda kwenye sanduku la samaki, akaanza kuniponda barafu.