Fundi wa Mkange anayeilaza modemu ili naye alale nyumbani

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka kwenye majani ya mihogo, Shuaibu Msabaha anashuka ngazi ya dungu, blanketi begani. Hamsalimii mtu, maana hakuna wa kumsalimia. Anakwenda moja kwa moja ukingoni mwa shamba, anapiga goti, anafungua dumu la plastiki lililofungwa mtini na kuipima betri iliyomo.

"Haijashuka hata kidogo," anasema, kisha anacheka peke yake. "Imelala fofofo, bibiye!"

Ndani ya dumu mna ubao wa simu kuukuu, hauna kioo wala kava. Uzi mwembamba unatoka humo na kulizunguka shamba. Nguruwe pori akiuvuta, ubao unaamka na kumpigia Shuaibu.

Fundi huyu wa simu, mwenye umri wa miaka 46, ana kibanda chake kijijini Mkange, kaskazini mwa Bagamoyo. Siku ya heri huingiza shilingi elfu kumi. Siku nyingine hapati hata ya sukari. Kinachomlisha hasa ni muhogo, na muhogo wa huku, jirani na pori la Saadani, usipoulinda huvuni kitu. Ndiyo maana wanaume hujenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, wakalala humo mpaka mavuno.

Shuaibu amelala dunguni misimu mingi. Mwaka jana mkewe, Arafa, alifungasha nguo zake akahamia Chalinze kwa binti yao, Mina.

"Hakunitukana, hakupiga kelele," anasema. "Aliniambia tu, 'Baba Mina, mimi sikuolewa na dungu.'"

Hapo ndipo alipoanza kuhangaika na mtambo wake, ili shamba lijilinde naye arudi kulala nyumbani. Kuifanya simu ipige ilikuwa kazi ndogo. Kazi ilikuwa modemu, kile kipande cha simu kinachozungumza na mnara. Penye mtandao mzuri huongea kwa sauti ya chini. Penye mtandao hafifu, kama shambani kwake, hupaza sauti, hutafuta, hurudia tena na tena, na betri ndiyo inayoliwa.

Mtambo wa kwanza aliuweka ndani ya kopo la bati la maziwa ya unga, usije ukalowa mvua. Kumbe ndio kaumaliza! Bati lilizuia mawimbi, modemu ikahangaika kuutafuta mnara hadi betri ikakata roho. Nguruwe wakala robo ya shamba, mwenyewe yuko nyumbani anakoroma.

Jirani yake, Yahya, hajaacha kumtania mpaka leo. "Nilimwambia, fundi, mlinzi wako kafa njaa!" anasema na kuangua kicheko.

Shuaibu akatupa bati, akachukua dumu la mafuta ya kula. Kisha akaikatia modemu umeme kabisa. Sasa uzi ukivutwa tu ndipo umeme unapita: modemu inaamka, inautafuta mnara, inapiga, inalala tena. Tangu masika yaanze imemwita mara kadhaa, na kila mara amewakuta nguruwe ndio kwanza wanaingia.

Sasa mbona bado analala dunguni?

"Mtambo hauna kosa," anasema. "Nimejaribu kulala nyumbani, umeita, nimewahi. Lakini ile nyumba, ndugu yangu… Unasonga ugali wa mtu mmoja, unakula, unaosha sahani moja. Huku juu angalau nalinda kitu. Kule nilinde kuta?"

Machozi yanamlengalenga, wala hayafichi. "Upweke unauma, nisikudanganye. Mama Mina akirudi, kesho yake dungu nalivunja. Haki ya Mungu."

Kwa simu kutoka Chalinze, anakouza vitumbua stendi, Arafa anasikiliza habari za mtambo mpaka mwisho. Anasema amefurahi, na kwamba hana kinyongo na mumewe.

"Usiku analinda muhogo, mchana anashika simu za watu. Mimi nikawa nalala na mlango," anasema. "Mwambie avunje kwanza. Akivunja, nafunga mzigo. Akingoja nirudi, basi tutangojana mpaka Kiama."

Ujumbe unamkuta Shuaibu bado yuko shambani.

"Kasema kwanza?"

Anaambiwa ndiyo. Anapanda dunguni, anatupa chini mkeka na mto, anashuka, anachukua panga na kuanza kukata kamba za nguzo. Yahya anasikia kishindo huko aliko, anakuja mbio akidhani ni tembo.

Dungu likiwa limelala chini, Shuaibu anafuta jasho kwa ncha ya shati.

"Mwambieni mama Mina kuni zipo," anasema. "Aje tu. Chai nitapika mimi."