Viti Vinane na Vigoda Vinne

Mwanangu, kuna asubuhi moja hainitoki kichwani: ile niliyomwangusha mzee wangu wa kazi kwa neno moja la Kiingereza. Cheka tu. Hata mimi nilicheka, ila baadaye sana.

Nilikuwa fundi mdogo kwenye karakana ya useremala ya Mzee Saidi, hapa hapa Buyenzi, Bujumbura. Shule sikufika mbali, lakini ndoto nilikuwa nazo za kujaza ziwa zima. Mama mmoja wa Mpulungu, kule Zambia, alikuwa amefungua mgahawa, akatuagiza viti kumi na viwili. Kazi yetu ya kwanza kuvuka maji! Nilishajiona nashuka melini na kofia mpya, watu wananiuliza, eh, wewe ndiye fundi mwenyewe?

Basi mbao za Kongo zikachelewa. Mzee naye alikuwa na homa wiki ile, karakana akaniachia mimi. Siku ya mwisho nina viti vinane tu. Vipande vilivyobaki nikavitengenezea vigoda vinne, vizuri, vimesuguliwa mpaka vinateleza, lakini ni vigoda, havina mgongo.

Karatasi ya mzigo ilitakiwa kwa Kiingereza. Nikafungua kamusi yangu ndogo. «Chair», kiti chenye mgongo. «Stool», kigoda. «Bench», benchi la watu wengi. Halafu nikaliona «seat». Hilo linabeba vyote, hata jiwe ukilikalia. Moyo ukaruka! Nikaandika «seat» kumi na mbili, nikapeleka nakala bandarini kwa wakala wetu wa forodha, nikarudi napiga mluzi.

Kesho yake Mzee akaja, bado dhaifu, kuuaga mzigo. Kwetu kiti hakitoki mpaka yeye akikalie. Na hakitazami. Anasomewa jina la kiti kwenye karatasi, anakipa mgongo, anajiachia na uzito wake wote. Alikuwa anasema macho yanadanganywa na vanishi, makalio hayadanganywi. Nikasoma «seat», nikamtafsiria: kitu cha kukalia. Akakaa, akaegemea, akaguna. Sawa. Hivyo mara nane. Mara ya tisa akaegemea hewa.

Alianguka chali kwenye maranda, miguu juu. Nikamkimbilia, akausukuma mkono wangu.

«Niache hapa kwanza. Umesoma nini?»

«Kitu cha kukalia, Mzee.»

«Na hiki ni nini?»

«Kigoda.»

«Kigoda! Na wateja wa yule mama, nani atawaokota? We mutoto, neno la kigoda halikuwa mu kitabu chako?»

«Lilikuwamo.»

Hapo machozi yakanitoka. Lilikuwamo, mwanangu, na mimi nililiona, nikaliruka.

Nikamwinua, nikahakikisha hakuumia, kisha mzigo ukapakiwa kwenye mkokoteni, nikaufuata kwa baiskeli mpaka bandarini. Wakala alikuwa na tai na haraka.

«Andika upya,» nikamwambia. «Chair nane, stool nne.»

«Petit, we kijana, una wazimu? Meli inapakiwa! Seat ni seat. Nani atajua?»

«Mi najua.»

«Utapoteza mteja!»

«Akitukataa, atukatae akijua.»

Wapakizi wakaanza: «Eeh, profesa wa vigoda! Tupishe, profesa!» Sikupisha. Nilisimama mbele ya mzigo, mikono kifuani, mwembamba kama ufito, mpaka wakala akampigia mama yule simu. Jibu likaja: vinane vije, vigoda vibaki, na viti vinne vilivyopungua atavitafutia fundi mwingine kwao. Meli ikaondoka bila mimi. Nikafunga vigoda nyuma ya baiskeli, nikapita navyo katikati ya mji mchana kweupe. Niliumia, sikufichi. Lakini kichwa sikukiinamisha.

Sasa nisikilize. Kiingereza kimeingia Bujumbura na hakitoki. Mnakiandika kwenye simu, kwenye barua za kazi, kwenye bei za dukani. Jifunzeni, msikiogope. Ila ukikuta maneno manne yanayofanana, usichague lile pana ili upate pa kujificha ndani yake. Chagua linaloonyesha kitu kilivyo, hata likikupunguzia heshima, hata likikunyima safari. Atakayekuambia wote wanafanya hivyo, mwambie: mimi sifanyi. Akuzomee, azomee mpaka achoke. Koo ni lake, jina ni lako. Kama huna kiti, sema huna. Hakuna aliyekufa kwa kusema hivyo.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na ulimi usiopinda. Akupe wateja wagumu, na moyo mgumu kuliko wao. Na siku utakayosimama peke yako mbele ya wanaokucheka, asikuache uinamishe macho. Amina, mwanangu.