Karatasi ya Chelagat

Kabla ya kuja Marekani, Rosemary Chelagat alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wilaya kule Kericho. Hapa Maryland alihudumia wazee katika makao yao Lanham. Kila Jumapili, kuanzia mwaka 2001, alituletea karatasi moja ya habari za nyumbani kanisani kwetu Takoma Park: mvua, bei ya mahindi, matokeo ya mitihani, vifo. Kifo hakukiandika mpaka amepiga simu mwenyewe. Alinunua kadi za simu katika duka la Mhabeshi mmoja, akakwaruza namba, akasubiri hadi amempata mtu wa familia ile.

Siku hizo tukibishana, mmoja wetu aliuliza kama jambo lenyewe liko kwenye karatasi ya Chelagat. Likiwamo, ubishi uliisha tukarudi kwenye chai. Hata waliokosana kwa siasa waliisoma pamoja, wameegemea gari moja. Nikikumbuka, naona tulikuwa matajiri bila kujua.

Januari 2008, nyumbani kukiwaka moto baada ya uchaguzi, tulipata orodha ya waliouawa kwa barua pepe. Aliyeiandika hakujulikana. Jina la tisa lilikuwa la Kuria wa Molo, kakake Wamaitha, nesi tuliyesali naye. Tulikwenda kwake Bowie kumpa pole. Chelagat naye alikuja, akaketi, kisha akaomba namba za majirani wa marehemu.

Alipiga simu siku nne. Siku ya tano, Alhamisi, mtu mmoja katika kambi ya wakimbizi Nakuru alimpa simu Kuria mwenyewe. Wamaitha alipoambiwa, alilia kuliko alivyolia msibani.

Lakini Festus, mwenyekiti wa chama chetu cha Wakenya wa hapa, alikuwa ameshaandikisha jina la Kuria kwenye mabango ya maandamano ya kupinga mauaji huko Washington, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Alimfuata Chelagat kazini.

“Dada, sisemi udanganye. Nakuomba usubiri tu. Habari hii itatupunguzia nguvu.”

“Mtu yuko hai, Festus. Ni nguvu gani hiyo inayotaka awe amekufa?”

Jumapili karatasi ilitoka: Kuria yuko hai, nimezungumza naye. Wengine walishukuru. Wengine walinong’ona kwamba Chelagat ni Mkalenjin, anawafunikia watu wake waliowavamia Wakikuyu kama Kuria. Wamaitha alisimama kanisani akasema ameisikia sauti ya kakake, na kikohozi chake. Akajibiwa kwamba hata kama huyo amepona, wengine je? Mabango yakaenda Washington vilevile. Mimi sikubeba lenye jina la Kuria, lakini nilitembea kando yake.

Tangu hapo karatasi zilibaki mezani. Kufikia Pasaka Chelagat alileta nakala kumi tu, kisha akaacha. Hakugombana na mtu. Alisema mikono imechoka.

Mwaka uliofuata ile orodha ilizunguka tena, Kuria akiwa bado wa tisa. Nilikwenda Lanham kumwomba Chelagat aanze upya. Nilimwambia tumeikosa karatasi yake.

“Utaisoma hata ikikuudhi?” aliniuliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Nikakumbuka yale maandamano, nikamwambia sijui. Alinitazama kidogo, akasema afadhali nimesema hivyo. Kisha akanimiminia chai na kunieleza kwamba Kuria amerudi Molo, amepanda viazi, na mvua imemkubali.